Kabla ya Kuziba Ufa, Upime

Masika yanapoingia, simu tunazopokea sisi wakaguzi wa majengo jijini Nairobi hufanana: ukuta umepasuka, sakafu ya veranda imeachana na nyumba, fundi ameshaziba mara mbili na ufa umerudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli. Lakini wenye nyumba wengi wameishika methali hiyo upande mmoja tu, wa kuziba. Ufa ambao hujui chanzo chake, ukiuziba umeuficha.

Embakasi, Donholm na South C, nyumba nyingi zimekaa juu ya udongo mweusi, ambao huvimba ukilowa na kunywea ukikauka. Msingi usipofika chini yake, nyumba hupanda na kushuka na misimu. Fundi hana kosa ufa ukirudi hapo. Kosa ni bomba linalovuja au maji ya paa yanayomwagika kando ya msingi mwaka mzima. Ondoa maji hayo kwanza.

Kisha pima. Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8. Ikipenya, huo si ufa wa unywele tena, kwa maana kwenye zege lenye vyuma wahandisi kwa kawaida hawataki ufa uzidi milimita 0.3. Weka alama ya penseli ufa unapoishia, uandike tarehe, halafu gandisha kipande chembamba cha kioo juu yake kwa saruji, pande zote mbili. Kioo kikivunjika, ufa bado unatembea.

Ufa uliotulia kwenye sakafu au njia ya miguu ni kazi ya siku moja: uchimbe kwa patasi kina cha sentimita moja hivi, toa vumbi lote, lowesha, jaza saruji moja kwa mchanga tatu, ufunike kwa gunia bichi siku saba. Siku saba, si jioni moja. Unaotembea hauzibwi kwa saruji, unataka gundi inayovutika. Na puti, tafadhali, ni ya kulainisha ukuta kabla ya rangi. Tumelisema hili miaka mingi.

Nguzo na boriti ni jambo jingine kabisa. Katika ukaguzi mmoja, mama mmoja alituonyesha nguzo ya sebuleni iliyopakwa rangi mpya. Tulipoigonga kwa nyundo ndogo ikalia kama debe tupu. Puti ilibanduka, na ndani chuma kilikuwa kimegeuka maganda ya kahawia yanayovunjika kwa vidole. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndiyo maana husukuma zege nje. Ufa unaofuata chuma kwa urefu, wenye doa la kahawia, usiguswe na mtu yeyote kabla ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi.

Kuhusu vibali: kuziba ufa wa sakafu hakuhitaji kibali. Kubomoa, kuongeza au kubadilisha nguzo, boriti au slabu kunahitaji idhini ya kaunti kabla ya kazi kuanza, kwa michoro ya mhandisi. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, anayeanza ujenzi bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Ukipewa ilani ya utekelezaji, yaani agizo la kaunti la kusimamisha au kurekebisha ujenzi usiofuata idhini, na huridhiki nayo, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya kaunti, inayosikiliza rufaa za namna hii, nayo ina siku 30 za kuamua. Wengi hukaa na ilani kabatini hadi siku hizo zipite, kisha wanakuja kulia ofisini.

Mpangaji naye ana haki ya kuripoti bila kumngoja mwenye nyumba. Piga picha ya ufa ukiwa na rula kando yake, uandike tarehe na ghorofa. Aprili 2016 jengo lilianguka Huruma usiku wa mvua kubwa, na zaidi ya watu 50 wakafa. Kwa hiyo mlango uliofunga vizuri jana ukikwama leo, na kuta zikaanza kutoa mlio, usitafute rula. Toka na watoto, gonga milango ya majirani mkishuka, na 999 mpige mkiwa nje, mbali na jengo.