Mmea kurefuka bila kukua: etiolesheni ni nini?

Kiazi ulichokisahau kabatini kwa wiki kadhaa hutoa machipukizi marefu, meupe, yaliyolegea. Hiyo ndiyo etiolesheni: mmea kurefuka mbio kwa kukosa mwanga, bila kunenepa wala kupata ukijani wa kutosha.

Kwenye chungu cha sebuleni mambo ni hayohayo, ila huja polepole. Nafasi kati ya jani na jani hupanuka, shina huwa jembamba na kuinamia dirishani, majani mapya hutoka madogo na yamepauka. Mwenye nyumba huona urefu akafurahi. Kumbe mmea unakula akiba yake. Mwanga ukiwa haba, usanisinuru hutengeneza chakula kidogo, na hicho kidogo hutumika kurefusha shina ili litokeze juu ya kivuli. Porini mbinu hiyo humwokoa mche uliofunikwa na majani. Sebuleni, juu yake kuna dari tu.

Kuinama nako kuna sababu. Homoni iitwayo oksini hukusanyika upande wa shina usiopata mwanga, seli za upande huo zikarefuka kuliko za upande wa pili, shina likapinda.

Usidanganyike na maneno "mmea wa kivulini". Saintpaulia, yale maua madogo ya zambarau ambayo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, aliyatambulisha Ujerumani mwaka 1892 kutoka Tanga, asili yake ni misitu yenye kivuli ya huku kwetu, ikiwemo ya Usambara. Lakini kivuli cha msituni si giza la ukumbini: ukiiweka mbali na dirisha, vikonyo vya majani hurefuka na maua hukoma. Jicho letu huzoea giza haraka, kwa hiyo ni shahidi mbaya. Jua la mchana peupe hufikia lukisi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi. Katikati ya chumba mara nyingi ni mia chache tu, hasa penye pazia zito au wavu wa mbu uliojaa vumbi.

Sasa tiba. Sogeza chungu karibu na dirisha, lakini kwa hatua, kwa wiki moja au mbili. Majani yaliyozoea giza yakitupwa ghafla kwenye jua la saa saba mchana huungua na kubaki na mabaka ya kahawia. Ushauri wa Ulaya wa kutafuta dirisha la kusini usiufuate Dar es Salaam, maana huku jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kwa miezi mingi ya mwaka. Dirisha la mashariki, lenye jua la asubuhi, hufaa mimea mingi. Punguza maji pia, kwani mmea usio na nguvu hunywa kidogo na mizizi huoza upesi. Mbolea isubiri.

Shina lililokwisha kurefuka halirudi kuwa fupi, hata ulipe jua gani. Kwa mmea unaotambaa kama maniplanti, likate juu kidogo ya kifundo, yaani pale jani linapoota shinani, nalo litachipua hapo. Kipande ulichokata, chenye kifundo chake, kitie kwenye glasi ya maji kitoe mizizi. Kisha geuza chungu robo mzunguko kila wiki, na uangalie jani litakalofuata: likitoka pana, tena karibu na mwenzake, mwanga umetosha.