Mstari mweupe juu ya mnara

Wageni wangu hapa Bukavu wakiona picha za ngome za Ulaya nilizokusanya, huuliza kwanza kama ni za zamani kweli. Ninawapa kioo cha kukuzia: tafuteni mstari mweupe.

Ni mwembamba kama unywele. Unakata mnara, unashuka ukutani hadi langoni. Magazeti ya picha kama Illustrated London News, lililoanza 1842, na L'Illustration la Paris, la 1843, yalichapa picha kwa mbao zilizochongwa, za mti mgumu uitwao buis. Shina lilikatwa kwa kukingama ili nyuzi za mti zisimpotoshe mchongaji. Lakini buis ni mti mwembamba, basi picha kubwa ilihitaji vipande vingi vilivyokazwa kwa skrubu. Kazi ikiwa ya haraka, kila mchongaji alipewa kipande chake: huyu mnara, yule mawingu. Vikiunganishwa tena bila kushikana vizuri, wino haukufika kwenye kiungo. Mkono wa watu umebaki pale, na ndiyo sababu naipenda alama hiyo kuliko ngome yenyewe. Ukiona vitone vilivyojipanga kwa safu badala ya mistari, umeshika fotografia iliyochapwa au nakala ya baadaye.

Geuza karatasi pia. Kibao kilikuwa na kimo kimoja na herufi za risasi, vikachapwa pamoja; kwa hiyo nyuma mara nyingi utakuta habari.

Ninazo picha mbili za Pierrefonds, Ufaransa. Moja ni magofu yenye majani. Nyingine ina minara mizima yenye mapaa. Ngome hiyo ilibomolewa 1617, na msanifu majengo Viollet-le-Duc akaanza kuijenga upya 1857 kwa amri ya Kaisari Napoleon III. Magofu, basi, yalichorwa kabla. Nasema yalichorwa: wachapishaji waliuziana nakala za vibao, kwa hiyo picha yaweza kuchapwa miaka mingi baada ya kuchorwa.

Picha hiyo ya magofu niliipata Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, kwa mama aliyetandaza vitabu chini. Mtu alikuwa ameshakata kingo zote, jina la gazeti na tarehe vikapotea. Iliniuma, na inaniuma bado. Tafadhali, ndugu, msikate kingo, wala msigandishe karatasi kwenye kartoni kwa gundi.

Unyevu wa Ziwa Kivu nao hauna huruma: madoa ya kahawia yameshafika kwenye mnara wa kushoto. Mwezi wa sita, hewa ikikauka, nafungua sanduku na kupanga karatasi moja moja mezani, kivulini, mbali na dirisha.