Kuongeza RAM Hakutibu Tovuti Inayokwama Kila Mara

"Tuongezee RAM." Wenye kampuni za utalii Arusha na Moshi wananiambia hivyo, wakitaka kumbukumbu ya kazi zaidi kwenye seva (kompyuta inayoendesha tovuti yao), kabla hata sijafungua logi, yaani faili la kumbukumbu za matukio, na kwa kweli nimechoka kuisikia. Wanahamia kifurushi cha bei ya juu, tovuti inapata nafuu kidogo, kisha uzito ule ule unarudi.

RAM usiyoiruhusu itumike haikusaidii chochote. Chukua seva ya Ubuntu yenye Nginx (inayopokea maombi ya wageni), PHP-FPM (inayoendesha msimbo wa PHP wa tovuti) na MySQL (kanzidata). PHP-FPM huja na pm.max_children ikiwa 5, yaani maombi matano tu ya PHP yanahudumiwa kwa wakati mmoja. La sita linapanga foleni hata kama RAM iko tele. MySQL nayo, innodb_buffer_pool_size yake ya kuanzia, yaani RAM inayotumia kuweka data karibu, ni MB 128. Hama kutoka GB 4 kwenda GB 16 bila kugusa mistari hiyo miwili, utakachoongeza ni bili. Na dalili imeandikwa wazi kwenye logi ya PHP-FPM: "server reached pm.max_children setting". Isome kwanza!

Lakini usikimbilie kuipandisha pm.max_children hadi 50. Kila prosesi inayohudumia ombi inakula RAM yake. Zikizidi uwezo, seva inaanza kutumia swap, yaani diski badala ya RAM, na hapo inakuwa nzito kuliko mwanzo. Jiulize kwanza kwa nini zile tano hazimalizi kazi. Mara nyingi nakuta ulizo moja la kanzidata, kwa mfano kutafuta nafasi za safari kwa tarehe katika jedwali lisilo na faharasa (index, orodha ya kutafutia haraka), kwa hiyo MySQL inapitia safu zote. Wakati wa masika wageni ni wachache na hakuna anayeona. Ikifika Juni, jedwali limenenepa na wageni wameongezeka, simu zinaanza. Washa slow_query_log, logi ya maulizo yanayochelewa, maana huja ikiwa imezimwa, na ushushe long_query_time, muda ambao ulizo likiupita linaandikwa humo, kutoka sekunde 10 hadi 1. Ulizo likijitokeza, lipitishe kwenye EXPLAIN, amri inayoonyesha MySQL inalitekelezaje. Faharasa moja iliyowekwa mahali pake ni bure, na naipendekeza kabla ya kifurushi chochote.

Wengine wanasema ni intaneti ya hapa. Ingia kwenye seva, iombe ukurasa wake yenyewe kwa curl, amri ya kuvuta ukurasa bila kivinjari. Ikichelewa humo humo, mtandao wa Arusha hauhusiki.

Picha za simba za MB 6? Zipunguze, ndiyo, zinachelewesha ukurasa kukamilika. Haziwezi kueleza kwa nini baiti ya kwanza inatoka baada ya sekunde nane.

Kuwasha seva upya kunaondoa foleni na kunafuta ushahidi. Kabla ya kuiwasha upya, nakusihi, hifadhi matokeo ya top (prosesi zinazokula seva) na SHOW FULL PROCESSLIST (maulizo yanayoendelea MySQL).

Kuna pia imani kwamba bakapu (nakala ya akiba ya data) ya usiku haimsumbui mtu. Saa nne usiku Moshi, mwezi Julai, ni saa tisa alasiri New York, na mteja wako wa huko anayetaka kupanda Kilimanjaro yuko kwenye fomu ya kuhifadhi nafasi wakati diski inahangaika na mysqldump, amri inayonakili kanzidata. Angalia pia saa ya seva: nyingi zinatumia UTC, saa ya kimataifa iliyo saa tatu nyuma yetu, hivyo kazi uliyoipanga kwenye cron (kipanga ratiba cha seva) saa nne usiku inaanza saa saba usiku. Fungua logi ya wageni, tafuta saa ambayo tovuti imetulia kweli, uihamishie bakapu huko.