Mwani si kila jani la majini

Hapa Kigoma nimeitwa mara nyingi kwenda kuona "mbolea ya mwani", nikafunua pipa na kukuta majani marefu ya ziwani yaliyokokotwa na nyavu. Juzi ikazidi. Mzee mmoja jirani yangu, huku Ujiji, alikuwa ametia konzi mbili za chumvi ya Uvinza kwenye pipa lake "ili ikolee umwani". Basi nimeona niandike.

Mbolea ya mwani ni maji ya mwani uliolowekwa wiki kadhaa mpaka ukaoza. Huchujwa, yakazimuliwa hadi yafanane na chai nyepesi, yakamwagwa shinani. Ni hivyo tu, na harufu yake majirani watakueleza.

Kinachoniudhi ni hilo neno mwani. Mwani ni wa baharini. Ule wa Zanzibar, unaolimwa kibiashara tangu 1989, hauna mizizi: hufungwa kwenye kamba, ukanyonya chakula majini kwa mwili wake wote. Hautoi ua wala mbegu. Sasa yale majani ya Ziwa Tanganyika yaliyo kama utepe yana mizizi mchangani na yanatoa maua; ni mmea kamili, sawa na mpunga, ila umehamia majini. Ukitaka ndugu wa kweli wa mwani humu ziwani, tazama ule utelezi wa kijani juu ya mawe, unaoangusha watoto wakienda kuoga. Huo sijaona mtu akiujazia pipa.

Na chumvi! Watu wa pwani huusuuza mwani kabla ya kuuloweka ili chumvi itoke, kwa sababu ikizidi udongoni huunguza mimea. Sisi tumejaliwa ziwa la maji matamu, halafu mtu anainunua chumvi sokoni.

Neno mbolea, kwa upande wake, halinisumbui. Mimi husikia ndani yake undugu na mbovu, na kuoza. Waha, wenyeji wa huku, kuoza wao husema kubora. Kwa hiyo lile pipa ni la mbolea halali kabisa, maana majani ya ziwa yakioza yanarutubisha. Ila usiyabebeshe sifa za mwani, unaosifiwa kwa potasiamu na homoni za mimea, ingawa nitrojeni yake ni kidogo. Kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya mwani nacho usikichukue kama kilivyo. Jaribu kwanza kwenye tuta moja.

"Sasa niiteje?" mzee akaniuliza, akiwa bado ameshika mwiko wa kukorogea.

Mbolea ya majani ya ziwa, mzee wangu. Na lile pipa lenye chumvi tusilipeleke kwenye mchicha.