Hatuoni skrini yako

Tangu msimamizi wa dawati letu la msaada aende likizo ya uzazi, simu za wateja napokea mimi mkurugenzi. Programu yetu ni ya mauzo na stoo, na wanaoitumia ni wenye maduka ya Makoroboi hapa Mwanza, wauza dagaa wa Mwaloni, mawakala wa Nansio na Sengerema. Kuna dhana moja naisikia kila siku, na imenichosha.

Ni ile ya kudhani kwamba mtoa huduma anaona kila kitu akiwa ofisini. "Mfumo haufanyi kazi, niangalizie." Nikiuliza skrini imeandika nini, najibiwa: "Kwani huko hamuoni?" Hatuoni. Labda uwe umefungua AnyDesk, programu ya kuingilia kompyuta kutoka mbali, na kuturuhusu kuingia. Tunachokiona ni kumbukumbu za seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha programu: kila ombi linaloifikia huachiwa mstari wenye saa, akaunti iliyolituma na jibu lililotoka. Maduka yote yanaandikwa humo pamoja. Ukisema "tangu asubuhi", fundi ana maelfu ya mistari ya kupekua. Ukisema "saa 4:10 asubuhi, akaunti ya keshia, nilikuwa nahifadhi risiti", anakwenda palepale. Taja asubuhi au jioni, maana seva zetu zinafuata saa za kimataifa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3. Saa 4:10 yako ya asubuhi, yaani 10:10 kwa mtindo wa saa 24, kwenye seva ni 07:10. Na kama kompyuta yako imeganda kabla haijatuma kitu, kwetu hakuna alama yoyote.

Namba ya hitilafu nayo msiidharau. 404 ni kwamba ukurasa ulioombwa haupo. 500 ni kwamba seva yenyewe imekwama, na huo ni mzigo wetu. Kwa hiyo nawaomba sana: piga picha ya skrini nzima, saa ya pembeni ionekane, uitume WhatsApp kama dokumenti ili herufi zisififie. Andika na kitufe ulichobonyeza mwisho. Sentensi moja ya namna hiyo inatusaidia kuliko sauti ndefu ya malalamiko.

Dhana nyingine ninazozisikia ni hizi. "Zima uwashe ni kutupotezea muda." Sivyo. Kuzima kunaondoa kilichokwama kwenye memori. Ila picha kwanza, ndipo uzime.

"Mfumo umeanguka." Jaribu kwanza tovuti nyingine, halafu jaribu kwa bando la simu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota nchi nzima, na programu zilizokuwa nzima zikalaumiwa.

"Nakala ninayo kwenye flashi." Flashi isiyochomolewa kwenye kompyuta ya duka huibwa pamoja nayo, na kirusi kinachofunga mafaili hulifunga na hilo la akiba. Nakala ilale kwingine.

"Nikimpata bosi nitahudumiwa kwanza." Bosi ndiye huyu anayepokea, na foleni naipanga kwa uzito wa tatizo: duka lisiloweza kuuza linatangulia ripoti isiyochapika.

"Nikumbushe neno langu la siri." Hatunalo. Seva inahifadhi alama iliyokokotolewa kutokana na neno hilo, na alama hiyo hairudishwi kuwa neno. Tunachoweza ni kukuwekea jipya. Mtu akikupigia kukuomba neno la siri au namba ya uthibitisho, hata akijitambulisha kwa jina langu, kata simu.