Je, wajua: wazazi wakila peke yao kwenye meli ya kitalii, watoto wanakuwa wapi?

Picha yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Binamu yangu anayeishi Texas alipanda meli ya kitalii pale Galveston na familia nzima, yeye na mumewe na watoto watatu, wa miaka saba, wa minne na kale kadogo ka mwaka mmoja na ushee, halafu usiku wa pili akatupia picha kwenye grupu la familia. Wako wawili tu, kitambaa cheupe mezani, glasi ndefu, mtoto haonekani hata mmoja. Mama mkubwa hakusubiri: "Hongereni wanangu. Na wajukuu zangu mmemwachia nani?"

Hapo ndo nikajiingiza mimi. Kabla binamu hajajibu nikarekodi sauti ya dakika mbili nzima nikieleza kwamba wenzetu huko wanamlaza mtoto chumbani, wanamwachia kamera na kile kidude cha kusikilizia, halafu mhudumu wa vyumba anapitapita kwenye korido akitega sikio mlangoni. Nilisema kwa kujiamini mpaka watu watatu wakaweka dole gumba. Na karibu kila nilichosema hakikuwa kweli.

Jibu fupi ni kwamba watoto hawaachwi chumbani, wanachukuliwa mezani. Familia inakaa pamoja, watoto wanaletewa chakula chao mapema, halafu katikati ya mlo walezi wa meli wanakuja palepale mgahawani, wanahakiki majina, wanawakusanya watoto na kuondoka nao kwenda kwenye klabu yao ya michezo, wazazi wanabaki na samaki wao. Hiyo ni kwa walio na miaka mitatu kwenda juu. Walio chini ya hapo wana utaratibu wao, na ndo wenye kizungumkuti, ntafika huko.

Ila kwanza hili la kamera chumbani nataka nilimalize vizuri, maana nimelisema mbele ya ukoo mzima.

Chumba cha meli sio chumba cha hoteli kilichowekwa juu ya maji. Kuta zake kwa kawaida ni bati la chuma huku na huku, katikati kuna pamba ya mawe isiyoshika moto, na mlango nao ni hivyohivyo. Waliozoea safari hizi wanabeba sumaku za friji toka nyumbani, wanabandikia ratiba na kutundikia kofia ukutani, na zinashika kweli. Sababu ya chuma chote hicho ni moto: baharini huwezi ukapiga simu faya waje, kwa hiyo sheria za kimataifa za usalama wa meli, zile zinazoitwa SOLAS, ambazo toleo la kwanza liliandikwa 1914 baada ya Titanic kuzama, leo zinataka meli igawanywe vipande vipande ili moto ukianza sehemu ubaki hapohapo.

Kinachozuia moto ndo hichohicho kinasumbua mawimbi ya redio. Chukua simu inayopiga muziki kwenye spika ya bluetooth, itumbukize kwenye sufuria, weka mfuniko, halafu anza kurudi nyuma na spika yako, utasikia muziki unavyokatakata. Haufi kabisa, mfuniko haukai sawa na mawimbi yanapenya kwenye upenyo, na kwenye meli nako ni vilevile, kidude cha mtoto kinaweza kufanya kazi vizuri kabisa ukiwa chumba cha jirani. Ila mgahawa hauko chumba cha jirani. Uko sufuria kama ishirini mbele.

Kuna watakaosema basi tutumie Wi-Fi ya meli. Sawa, tuseme picha imefika. Icon of the Seas, meli ya Royal Caribbean iliyoanza kubeba abiria 2024, ina urefu wa mita kama 365 na ghorofa 20. Unamwona mwanao kwenye simu kaamka analia, yeye yuko ghorofa ya 11 kwa mbele, we uko ya 4 kwa nyuma, na lifti zote zimejaa watu wanaotoka kuangalia shoo. Hiyo kamera imekusaidia kuona tu. Na hata kama ungekuwa na mbio za Filbert Bayi, kampuni hizi hazitaki mtoto mdogo aachwe chumbani peke yake, na nyingine, Disney kwa mfano, hazina hata huduma ya mlezi kuja kukaa naye chumbani kwako.

Lakini lile wazo langu sikulitoa hewani, nijitetee kidogo. Uingereza walikuwa nalo kweli. Kwenye kambi za mapumziko za Butlin's, ambazo ya kwanza ilifunguliwa Skegness 1936, wazazi walikuwa wanalaza watoto kwenye vijumba vyao na kwenda zao kucheza dansi, huku nje kuna wauguzi wanafanya doria wakisikiliza, wakisikia kilio taarifa inapelekwa ukumbini: mtoto analia kijumba namba fulani. Fikiria uko katikati ya dansi, umeshika mtu kiuno, namba yako inatajwa. Hoteli nyingi za Kiingereza nazo zilikuwa na huduma ya kusikiliza watoto kwa simu ya chumbani, mapokezi wanatega sikio. Baada ya mtoto wa Kiingereza kupotea Ureno 2007, wazazi wake wakiwa wanakula jirani tu na alipolala, mazoea ya namna hiyo yakaanza kutazamwa kwa jicho lingine kabisa. Kwa hiyo nilichomweleza mama mkubwa kilikuwa kweli, ila kweli ya nchi kavu, na ya zamani.

Haya, twende mezani.

Tatizo la mlo wa familia kwenye meli ni mwendo. Chakula cha jioni cha mgahawa mkubwa kinaletwa kwa awamu, kuna cha kuanzia, kuna supu au saladi, kuna chenyewe, kuna keki, ikifika kahawa saa nzima na nusu imeshakatika. Mtoto wa miaka minne anakula dakika ishirini. Dakika zinazobaki anazitumia kuingia chini ya meza. Ni kama bajaji na lori la mchanga kwenye barabara moja nyembamba, hakuna mwenye kosa, ila mmoja atapiga honi tu.

Sasa meli wanachofanya ni kile ambacho shughuli zetu zote za pwani zinafanya bila kukipa jina. Kwenye harusi nani anapakuliwa kwanza? Watoto. Wanawekewa sinia lao, mkeka wao, wanakula, wanainuka wanakimbilia nje, ndo watu wazima wanakaa kula kwa nafasi. Tofauti ni kwamba nje kwetu kuna uwanja, kuna mashangazi na nusu ya mtaa inaangalia. Nje ya mgahawa wa meli kuna Ghuba ya Meksiko. Kwa hiyo lazima mtu aje kuwapokea.

Kwa Disney utaratibu huu uko kwenye zamu ya pili ya chakula, ile ya saa mbili na robo usiku. Ukimwambia weita mapema kwamba watoto wataondoka, wanapikiwa kwanza, sahani yao inafika wakati we bado uko kwenye cha kuanzia. Kama dakika 45 baada ya kukaa, walezi wanatokea mgahawani. Royal Caribbean nao wana ya kwao, mtoto anamaliza ndani ya dakika 40 hivi na anafuatwa. Ukiziangalia hizo dakika utaona zimekaa pazuri: mtoto keshashiba lakini hajaanza fujo, na mzazi ndo kwanza sahani yake kubwa inatoka jikoni.

Makabidhiano yenyewe ndo sehemu ninayoipenda. Umewahi kuacha mzigo kaunta ya supamaketi ukapewa kibati chenye namba? Namba moja iko kwenye mzigo, ya pili kwako, bila kibati hupewi. Hapa mzigo una miguu na una maoni yake, lakini mantiki ni ileile. Mtoto anaandikishwa klabu siku ya kwanza, anavishwa kibangili mkononi, na wazazi wanataja nani tu anaruhusiwa kuja kumchukua, na sehemu nyingine mnakubaliana neno la siri kama namba yako ya M-Pesa, ukilisahau hata ufanane na mtoto sura mpaka kidevu utasubiri. Kwa hiyo jioni mlezi hapokei mtoto asiyemjua, anahamisha jina toka orodha moja kwenda nyingine. Kama mbio za vijiti, kijiti hakiachiwi hewani hata sekunde, anaachia mmoja pale mwingine ameshakamata.

Wakifika mlangoni kwa klabu wanaoshwa mikono, na kwenye meli za Disney kuna mashine kabisa, ina matundu mawili, mtoto anatumbukiza mikono, maji ya sabuni yanazunguka, anaitoa. Usione ni mbwembwe. Tumbo la kuhara likiingia melini linasambaa kama umbea, na meli zinazotia nanga Marekani zinakaguliwa na CDC, taasisi ya serikali yao ya kudhibiti magonjwa, ambao wana programu maalumu ya usafi wa meli toka 1975. Mtoto anayetapika au kuharisha haingii klabu, na hapo chakula chenu cha wawili kimekufa.

Kuna sharti lingine ambalo wazazi wengi wanalishtukia mlangoni: kwa Disney na Royal Caribbean mtoto wa klabu awe ameshaacha pampasi. Walezi wanacheza naye, wanamsimulia hadithi, ila kumbadilisha sio kazi yao. Ajali ikitokea simu ya mzazi inalia, unaiacha nyama yako inapoa unapanda ghorofa tano. Carnival, kampuni nyingine ya meli, wako laini zaidi, klabu yao inaanzia miaka miwili. Na umri huu unabadilishwabadilishwa na kampuni, kwa hiyo mwenye mpango wa safari aangalie masharti ya mwaka wake.

Walio chini ya miaka mitatu wanaenda chumba cha watoto wachanga, na hapo hakuna kufuatwa mezani, unampeleka mwenyewe. Kwa Disney kinaanzia miezi sita, kinalipiwa kwa saa wakati klabu za wakubwa hazina malipo ya ziada, na nafasi ni chache kwa kuwa mlezi mmoja hawezi kushika vichanga vingi. Ndo maana wajuzi wanakata nafasi ya mtoto kwanza, meza baadaye. Waingereza wana kitu kizuri zaidi kwa maoni yangu: kampuni yao ya meli P&O wana chumba cha usiku chenye vitanda vidogo, mtoto analala huko bila malipo, wazazi wanakuja kumbeba wakimaliza starehe zao usiku.

Utauliza, na meli ikipata shida je? Swali zuri sana, tena lina historia. Meli ya kitalii Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, 13 Januari 2012, saa nne kasorobo usiku, watu wakiwa mezani wanakula. Walikufa watu 32, na waliopanda jioni ileile hawakuwa wamefanya zoezi la dharura. Baada ya hapo sheria ikabadilishwa, zoezi linafanywa kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kile kibangili cha mtoto kawaida kimeandikwa kituo cha kukusanyikia cha familia yake, na maelekezo ya kawaida kwa wazazi ni kwamba king'ora kikilia usikimbilie klabu, nenda kituoni, mwanao ataletwa. Kwenye karatasi ni rahisi. Sijui mzazi gani miguu yake ingekubali.

Tusisahau pia kwamba meli hazifanyi haya kwa huruma. Disney Magic ilipoanza safari 1998 walitenga karibu ghorofa nzima kwa ajili ya watoto, na kwenye meli hiyohiyo wakaweka Palo, mgahawa ambao chini ya miaka 18 huingii na bili yake ni ya ziada. Mzazi aliyeshikiwa mtoto ni mteja, aliyembeba mtoto ni mtu anayetafuta choo. Na kutenganisha meza hata sio uvumbuzi wao, meli ya Normandie ya Ufaransa 1935 ilikuwa na chumba cha kulia cha watoto peke yao, ukutani wamechorewa tembo. Sisi tuliozoea boti ya Dar na Zanzibar, mtoto yuko mapajani toka Posta mpaka Malindi na andazi mkononi, tunaona ajabu.

Binamu alijibu kesho yake mchana. Wakubwa wawili walifuatwa mezani, wa miaka minne alikuwa keshasimama kabla hajaitwa jina. Kadogo kalipelekwa chumba cha watoto wachanga kwa saa mbili walizolipia, kakafuatwa keki ikiwa ndo inaletwa. Mama mkubwa akaandika "Alhamdulillah" na maua matatu. Rekodi yangu ya dakika mbili bado iko palepale juu yake, na muda wa kuifuta umeshapita.