Lenzi ya kuskurubu kwenye kamera ya juzi

Kampala bado utaambiwa kwamba lenzi ya zamani ya kuskurubu, ukiifunga kwenye kamera ya filamu ya kisasa, inaua mita ya mwanga. Hata mimi niliwahi kuamini.

Mita iko ndani ya kamera, si kwenye lenzi. Chukua Canon EOS ya filamu na lenzi ya M42, yaani yenye hesi ya milimita 42, kama Helios 44-2 ya Urusi. Weka kamera kwenye Av, yaani wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi ya shata, fungua tundu la lenzi, lenga fokasi, kisha zungusha pete ulifunge hadi f/8. Dirisha la kutazamia linaingia giza, ndiyo, lakini kamera inapima mwanga huohuo na kuchagua kasi yenyewe. Kulenga fokasi tu ndiko kunabaki kazi ya mkono wako.

Penye shida halisi hapasemwi. M42 inataka milimita 45.46 kutoka pale lenzi inapofungiwa hadi filamu. EOS ina 44, kwa hiyo adapta nyembamba, yaani pete ya kuunganisha lenzi na kamera, inajaza pengo. Nikon ina 46.5, imeshapitiliza: ukiwa Entebbe, boda boda iliyo karibu itatoka safi, upeo wa Ziwa Victoria utabaki ukungu, labda adapta iwe na kioo cha lenzi ndani yake, nacho hupunguza ubora.

Kwenye EOS, usianze kubonyeza lenzi ikiwa kwenye alama ya mbali kabisa; isogeze huko taratibu. Baadhi ya lenzi, zikiwa hapo, hugusa kioo cha kuakisi kilicho ndani ya kamera kinaporuka.